Kodi iliyozikwa: kutafuta sarafu za kale katika nchi ya chai

Leo tunazungumza kuhusu kodi. Tulieni, siyo zile kodi tunazoandika usiku kucha kwenye kompyuta halafu asubuhi zinagoma. Ni kodi ya kweli, kodi ya kibanda, ambayo serikali ya kikoloni iliwadai babu zetu wa Kericho na Bomet, na ambayo mabaki yake yangali chini ya nyasi tunazokanyaga kila siku. Nazungumzia sarafu.

Swali lenyewe ni fupi. Mtu akichukua kigunduzi cha metali, akaingia nacho katika uwanja wa umma Kericho mjini au Bomet, akaanza kukizungusha taratibu juu ya nyasi, atapata nini? Huko Uingereza watu wazima wenye kazi zao hufanya hivyo kila Jumamosi, na mabustani ya umma ni mahali wanapopapenda, maana watu walikaa pale miaka mia wakila mikate yao na senti zikawadondoka mifukoni. Je, kwetu ni hivyo hivyo? Jibu langu ni hapana, na sababu zake ndizo zinazonifanya niandike.

Tuanze na mashine, kwa sababu hii ni blogu ya teknolojia, na kwa sababu mashine yenyewe ina jambo la kutufundisha juu ya historia.

Wengi wetu tunakijua kigunduzi kwa sura moja tu: kile kifimbo cheusi ambacho askari wa mlangoni hukupitishia kiunoni unapoingia supamaketi, kikalia pii, naye akakupungia mkono upite bila kuuliza kama ni funguo au ni bastola. Cha kutafutia sarafu ni ndugu yake mkubwa. Kina mpini mrefu, na mwishoni kina sahani ya duara yenye koili ya waya ndani yake. Umeme unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde unapita katika koili ile na kutengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikutana na kipande cha metali, unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka kama maji kwenye beseni. Mikondo hiyo nayo inatengeneza uga wake mdogo, na koili ya pili inausikia. Ni hayo tu. Hakuna uchawi, hakuna mganga.

Wazo hilo ni la zamani kuliko reli yetu. Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na moja ikabaki mwilini. Madaktari hawakujua iko wapi. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akatengeneza kifaa cha kuitafuta kwa koili na kipaza sauti cha simu. Hakikuipata. Godoro la rais lilikuwa na springi za chuma, zikachafua mlio, na isitoshe daktari mkuu alimruhusu apime upande mmoja tu wa mwili. Garfield alifariki Septemba mwaka huo huo. Baadaye mhandisi Gerhard Fischer, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kigunduzi cha kubebeka mwaka 1937. Vita vya pili vilipokuja, ofisa wa Kipolandi aitwaye Józef Kosacki akabuni kile cha kutafutia mabomu ya ardhini, kilichotumika El Alamein mwaka 1942. Vya leo vya kutafutia sarafu ni wajukuu wa vile.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayoipenda. Kigunduzi cha kisasa hakikuambii tu kwamba kuna metali. Kinajaribu kukisia ni metali gani. Mlio unaorudi kutoka ardhini huchelewa kidogo ukilinganishwa na ule uliotumwa. Karatasi ya sigara, yaani ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti, huchelewa kidogo sana. Sarafu nene ya fedha huchelewa zaidi. Chuma, yaani chuma chenyewe cha misumari na majembe, kina tabia yake ya pekee kwa sababu chenyewe hugeuka sumaku. Kompyuta ndogo ndani ya mashine hupima kuchelewa huko na kuonyesha namba kwenye kioo. Kwa kuwa ardhi yoyote iliyokaliwa na watu imejaa misumari, watengenezaji wameweka chujio. Kwa lugha yetu ya kodi ni mstari mmoja tu:

kama ni chuma, nyamaza. La sivyo, lia.

Watafutaji karibu wote huwasha chujio hilo, na katika uwanja wa Uingereza ni jambo la busara. Nitalirudia jambo hili tukifika kwetu.

Kabla ya hapo kuna tatizo la udongo. Nchi ya chai ina udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, na ule wekundu ni oksidi za chuma. Kigunduzi cha bei ya chini, ukikiwasha juu ya ardhi kama hiyo, kinaweza kulia muda wote kama mtoto mwenye njaa, maana kinasikia ardhi yenyewe. Vile vizuri zaidi vina namna ya kusawazisha: unainua na kushusha sahani mara kadhaa hadi mashine ijifunze sauti ya udongo na kuitoa kwenye hesabu. Hata hivyo unapoteza kina. Sarafu ambayo ungeisikia sentimita 20 chini kwenye mchanga huenda usiisikie kabisa hapa. Ongeza mvua ya Kericho, ambayo kila mtu anaijua, na uchachu wa udongo. Chai hupenda udongo mchachu, wa pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi, na udongo wa namna hiyo hula shaba nyekundu na nyeusi bila haraka lakini bila huruma.

Basi, chini ya hayo yote kuna sarafu gani? Hapa ndipo ninapoona raha, kwa sababu historia ya pesa zetu kati ya 1888 na 1966 ni kama mfumo wa kompyuta uliobadilishwa mara nne na watu wasiowauliza watumiaji.

Tabaka la kwanza ni rupia ya India. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa rupia na pesa zake zenye mwaka 1888 kwa ajili ya Mombasa, lakini iliyotumika zaidi bara, hasa wakati wa ujenzi wa reli kati ya 1896 na 1901, ni rupia ya India yenyewe: gramu 11.66, fedha karibu asilimia 92. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 ikipita kaskazini mwa Kericho, kupitia Londiani, Lumbwa (siku hizi Kipkelion) na Fort Ternan. Rupia iligawanywa kwa anna 16 na pesa 64. Hapo ndipo tulipolipata neno "pesa", na halijatuacha. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walileta Heller mwaka 1904, na ndugu zetu wanasema "hela" hadi leo ingawa hakuna aliyeishika Heller kwa zaidi ya miaka mia.

Tabaka la pili lilianza 1906 hivi, rupia ilipogawanywa kwa senti 100. Mwaka 1907 ikatoka senti moja ya alumini. Simama kidogo hapo. Alumini ilikuwa teknolojia mpya. Njia ya kuizalisha kwa bei nafuu ilivumbuliwa mwaka 1886 tu. Sarafu za Afrika Mashariki na Uganda, pamoja na zile za Afrika Magharibi ya Waingereza, zilikuwa za kwanza za alumini duniani kuingia katika matumizi ya kawaida. Yaani toleo la majaribio lilitolewa kwetu! Na kama matoleo mengi ya majaribio, lilianguka. Joto na unyevu vilizitafuna sarafu zile, na kufikia 1909 zikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukiipata ya 1907 au 1908 katika udongo wa Kericho, uwezekano ni kwamba utaona kijisahani cha kijivu kilicholiwa pembeni, na kigunduzi chako kitakuwa kimekwambia ni karatasi ya sigara.

Tabaka la tatu lilidumu muda mfupi sana lakini ndilo lenye kituko. Rupia ilikuwa imefungwa kwa senti 16 za Kiingereza, yaani rupia 15 kwa pauni. Baada ya vita vya kwanza bei ya fedha ilipanda, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaifunga upya kwa senti 24 za Kiingereza na kuigeuza kuwa florini. Kutoka 16 hadi 24 ni ongezeko la asilimia 50. Mlowezi aliyekopa rupia sasa alidaiwa nusu zaidi kwa pauni. Florini ilikuwa sawa na shilingi mbili na iligawanywa kwa senti 100, kwa hiyo ikatoka sarafu ya 1920 iliyoandikwa kwamba senti hamsini ni shilingi moja. Mwaka uliofuata wakabadili nia. Florini ikafutwa, shilingi ikawa ndiyo yenye senti 100, na sarafu za mwaka 1921 zikaandikwa kwamba senti hamsini ni nusu shilingi.

Wanaoandika programu wamekwisha kuona tatizo. Jina la kigeu halikubadilika, "senti", lakini thamani yake ilikatwa nusu. Fikirieni mama wa Sotik anayeuza kuku sokoni katika mwaka ule, na mikononi mwake zimo senti za rupia, senti za florini na senti za shilingi. Sarafu za 1920 zilikusanywa na nyingi zikayeyushwa, ndiyo maana leo wakusanyaji huzililia.

Lakini usicheke sana, maana mabadiliko hayo yalikuwa na mtu wa kuyalipia. Walowezi walijiona wamebanwa na mikopo pamoja na bei mbaya za mazao, na mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wakati huo huo kodi ya kibanda na ya kichwa ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Harry Thuku alipoanza kukusanya watu Nairobi mwaka ule, mishahara, kodi na kipande ndivyo vilivyokuwa mdomoni mwake. Alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi, na mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Tabaka la nne ndilo ambalo wazee wetu wanalikumbuka: shilingi ya Afrika Mashariki, simba mbele ya milima, robo tu ya uzito wake ikiwa fedha hadi zile za mwaka 1946, na kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa. Chini yake kulikuwa na thumuni, na zile za shaba zenye tundu katikati na pembe za ndovu kulizunguka: senti moja, ndururu na peni, yaani senti tano na senti kumi. Peni ilikuwa pana kuliko shilingi yenyewe. Sababu inayotajwa mara nyingi ya kuweka tundu ni kwamba watu wasio na mifuko wangeweza kuzitunga kwenye uzi. Kwa kigunduzi tundu si kikwazo, kwa sababu mkondo wa umeme hupenda kuzunguka ukingoni, na pete nzima ya shaba hulia vizuri sana.

Tundu hilo lilileta kioja kingine. Mfalme Edward wa nane alikaa kwenye kiti miezi isiyofika kumi na mmoja mwaka 1936 kisha akajiuzulu, na Uingereza kwenyewe hakukutolewa sarafu za kutumia zenye sura yake. Lakini ndururu na peni zetu hazikuwa na sura ya mtu, tundu lilikaa mahali pa kichwa. Ziliandikwa jina tu. Kwa hiyo zikatolewa kwa wingi. Kitu ambacho mtu wa London hakuwahi kukitia mfukoni, mchuma chai wa Kericho alikuwa nacho. Na ukiona herufi ndogo pembeni usidhani ni mkwaruzo: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, na wakati wa vita vya pili I ni Bombay na SA ni Pretoria.

Sarafu hizo zilikoma mwaka 1969, miaka mitatu baada ya Benki Kuu ya Kenya kuanza na shilingi yake.

Hiyo ndiyo orodha. Sasa swali gumu zaidi: zilifikaje hapa? Wakipsigis hawakuwa na haja ya sarafu. Utajiri ulitembea kwa miguu minne na ulikunywa maji mtoni. Mahari ilikuwa ng'ombe, faini ilikuwa ng'ombe, rafiki ulimkabidhi ng'ombe. Sarafu ya kijivu isiyozaa ilikuwa ya nini? Jibu ni kodi. Kodi ya kibanda ilianzishwa mwaka 1901, na haikuchukua miaka mingi ikafika rupia 3. Mwanzoni ilipokewa hata kwa mbuzi, lakini shabaha ilikuwa sarafu, kwa sababu sarafu ilipatikana mahali pamoja tu: kwa aliyekuajiri. Mwaka 1905 jeshi lilikuwa limepelekwa Sotik, watu wengi wakauawa na ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. Ukimnyang'anya mtu ng'ombe kisha ukamdai rupia, umemwonyesha njia ya kwenda kazini.

Kazini kwenyewe hakukuwa na chai bado. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walipewa ekari 25,000 karibu na Kericho, ardhi ya Wakipsigis, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa ndani ya miaka michache. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na ile bahari ya kijani inayopigwa picha za kalenda ikaanza kupandwa.

Hii inabadilisha kabisa ramani ya mahali sarafu zilipo. Uwanja wa mjini si mahali watu wa hapa walipoketi miaka mia wakipunga upepo. Uliza badala yake pesa zilikuwa zikishikwa wapi: mahali pa kulipia mishahara mwisho wa mwezi, sokoni chini ya mti, mbele ya duka la Mhindi, kituo cha reli cha Lumbwa, nje ya kanisa, na meza ya karani wa kodi. Hapo ndipo zilipodondoka. Mtu anayepokea shilingi chache baada ya siku thelathini za kazi hazidondoshi ovyo kwenye nyasi.

Bustani iliyo maarufu zaidi pande hizi, ile ya miti ya Chagaik, kilomita kama 8 kutoka mjini njia ya Nakuru, ilipandwa na mkulima wa chai Tom Grumbley baada ya vita vya pili, kando ya bwawa. Ni pazuri kweli. Lakini imo katikati ya shamba la chai, na bustani iliyopandwa katika miaka ya 1940 ni ukurasa wa juu tu. Chini yake kuna nini? Kama kuna boma la mtu, kuna mafiga, vipande vya vyungu, jiwe la kusagia. Na kuna chuma.

Narudi kwenye chujio, kama nilivyoahidi. Metali ya Wakipsigis ilikuwa chuma. Majembe, mikuki, visu, kengele za ng'ombe: kazi ya wafua vyuma. Mtu akija na mashine kutoka duka la mtandaoni, akaiacha katika mpangilio iliyotoka nao kiwandani, mashine itanyamaza juu ya vyote hivyo na kulia tu pale penye sarafu ya mkoloni. Atatoka jioni na ndururu nne na kofia tatu za soda, na ataamini kwamba kabla ya 1906 hapakuwa na kitu. Hakuna mtu aliyedanganya. Ni mstari mmoja wa kodi ulioandikwa na mhandisi anayefikiria viwanja vya nchi yake.

Mifano mingine ina utata hata zaidi. Wanandi na Wakipsigis walikata waya za shaba za telegrafu na kuchukua bolti za reli, wakatengeneza mapambo na silaha. Waya ya shaba iliyokunjwa kuwa bangili italia vizuri kuliko sarafu nyingi. Bolti itakatwa na chujio. Kisa kimoja, nusu yake inasikika. Au chukua kipande, kile cheti cha kazi kilichoanza kutumika 1919 na 1920, kikiwa ndani ya kijisanduku cha metali ambacho kila mwanaume Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni. Je, kijisanduku kilichotupwa shambani kitasikika? Inategemea metali yake na kutu yake. Kwangu mimi kimoja cha hivyo kina uzito kuliko rupia kumi.

Niliwahi kukizungusha kigunduzi cha kuazima katika shamba letu la nyumbani, chujio likiwa limezimwa, na nikapata elimu nyingine. Mzee jirani alisimama kwenye ua akanitazama kwa muda.

"Kijana, hiyo ni ya kutafuta dhahabu?"

"Hapana mzee, ni ya vyuma vya zamani."

"Vya zamani," akasema. "Basi tafuta pale kwenye mgomba, nilipoteza panga mwaka wa mvua kubwa."

Panga hatukulipata. Tulipata misumari ya mabati, nusu ya kufuli na betri.

Haya, je, sheria inasemaje? Wengi hudhani ukipata ni chako. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inasema vingine. Kitu chochote kinachohamishika, kisipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na huruhusiwi kukitafuta ardhini bila leseni. Mwaka 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: rupia ya Mombasa ya 1888 inalindwa, na sarafu za kodi nilizoorodhesha hapo juu, za 1907, 1920, 1936, kwa tarehe zake haziingii katika kundi hilo. Lakini huwezi kumwambia koleo ichague. Unapochimba uwanja wa umma, ulio chini ya serikali ya kaunti, huna namna ya kujua kabla ya kufukua kama mlio ule ni ndururu ya juzi au jembe la kabla ya 1895. Kwa maoni yangu jibu la vitendo ni moja: bila ruhusa ya kaunti na bila kuzungumza na Makumbusho, usichimbe.

Waingereza walichagua njia tofauti. Tangu 1997 wana mpango wa kuandikisha vitu vinavyopatikana na watu wa kawaida, na hifadhidata yake imepita rekodi milioni moja, kila moja na mahali ilipopatikana. Naihusudu hifadhidata hiyo kuliko ninavyoihusudu dhahabu yao.

Kwa nini mahali ni muhimu hivyo? Mwaka 2013 wanaakiolojia Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walipata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu moja ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi kifo chake 1424. Sarafu za Yongle si adimu. Unaweza kuagiza moja kwa pesa kidogo. Ile ya Manda ilitangazwa duniani kote kwa sababu ilikuwa Manda, na kwa sababu waliojua kuchimba ndio walioitoa. Sarafu iliyoondolewa mahali pake ni rekodi iliyofutwa safu zote ikabaki namba ya kitambulisho.

Kwetu jambo hili si la wapenda makumbusho tu. Wakipsigis na ukoo wa Talai, ambao serikali iliwahamishia Gwassi kwa sheria ya 1934, wanadai haki juu ya ardhi iliyogeuzwa mashamba ya chai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu madai hayo mwaka 2021, na mwaka 2022 yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Moja ya maswali katika madai kama hayo ni nani alikuwa akiishi wapi, lini. Sarafu ina kitu ambacho chungu hakina: muhuri wa wakati. Senti ya 1913 ikikutwa katika tabaka moja na mafiga na jiwe la kusagia, tabaka lile halikufungwa kabla ya 1913. Watu walikuwa pale mwaka huo au baadaye. Haisemi zaidi ya hivyo, lakini inasema. Mtu akiing'oa Jumamosi moja akaiuza kwa picha ya simu, sentensi hiyo haitasomwa tena na yeyote.

Na tunao mfano wa kufanya vizuri, hapo hapo kwenye kaunti ya Kericho. Fred Wicker alikuwa mkulima Fort Ternan. Aliona mifupa ya ajabu shambani mwake, naye akampelekea habari Louis Leakey. Kutoka shamba lile ukatoka Kenyapithecus wickeri, nyani wa miaka milioni 14 hivi, aliyepewa jina mwaka 1962, na jina la mkulima limo ndani yake.

Kama hamu ya sarafu imekupata baada ya kusoma hadi hapa, mahali pa kwanza pa kutafuta hapahitaji leseni wala betri. Ni lile kopo la majani ya chai kwenye kabati la nyanya yako, lenye vifungo, sindano na ndururu mbili tatu. Usizisugue kwa limau, majivu wala sufi ya chuma. Ile rangi ya kijani au nyeusi ni ngozi yake. Zipige picha pande zote mbili, angalia herufi ndogo pembeni, kisha keti naye umuulize alizipata wapi, alikuwa anaziitaje, na kodi ya mwaka ule ililipwa na nani. Andika majibu na tarehe, na uyaweke pamoja na sarafu katika bahasha moja.